Bodaboda za Umeme na Kubadilisha Betri Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanabodaboda wa Malindi na viunga vyake, wenye pikipiki wanaozitoa kwa hesabu ya kila siku, na abiria wanaotaka kujua wanapanda nini. Yote yanarejea hoja moja: katika pikipiki ya umeme, betri ndiyo biashara yenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa dereva ni kujua betri ni ya nani na kituo kiko wapi, kisha ndipo aulize bei ya pikipiki.

Kubadilisha betri ni nini, na kuna tofauti gani na kuchaji?

Pikipiki nyingi za umeme zinazotumiwa kubeba abiria huja na betri ya lithiamu inayochomoka. Chaji inapopungua, dereva huingia kituoni, huichomoa betri yake, huiacha katika kabati la kuchajia na kuchukua nyingine iliyojaa. Shughuli hiyo huchukua dakika chache, ilhali kuichaji betri hiyohiyo kutoka chini hadi ijae kwa soketi ya kawaida huchukua saa kadhaa, na saa hizo kwa mtu anayeishi kwa safari za siku ni pesa iliyopotea. Anayebadilisha betri haoni haja ya kuingojea, kama ambavyo mpishi hangoji mtungi wa gesi ujazwe dukani bali hurudisha mtupu na kuondoka na uliojaa.

Utaratibu huu haukuzaliwa kwetu. Huko Taiwan, kampuni ya Gogoro ilianza kuutumia kwa skuta mwaka 2015. Kigali, Ampersand ilianza kuhudumia pikipiki za abiria mwaka 2019 na baadaye ikaingia Kenya. Spiro ilitokea Benin na Togo, na mnamo Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua jijini Mombasa mpango wa pikipiki za umeme ulioihusisha kampuni hiyo. Roam, ambayo makao yake ni Nairobi, imetengeneza pikipiki ambayo betri yake huweza pia kuchajiwa nyumbani. Rwanda imekwenda mbali zaidi, kwani ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zitakazosajiliwa kubeba abiria Kigali ziwe za umeme tu.

Je, ni kweli kwamba gharama yake ni ndogo kuliko ya petroli?

Kwa upande wa nishati, ndiyo, ila hesabu lazima ifanywe kwa uangalifu, kwa sababu kuna bei ya umeme na kuna bei ya betri iliyojaa, na hizi mbili si kitu kimoja.

Tuchukue dereva anayekwenda kilomita 120 kwa siku. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakunywa lita 3. Tukiichukulia lita kuwa shilingi 180 kwa ajili ya mfano tu, kwa kuwa bei hutangazwa upya na mamlaka ya nishati, EPRA, katikati ya kila mwezi, basi siku hiyo itamgharimu shilingi 540. Pikipiki ya umeme inayotumia uniti 4 kwa kila kilomita 100 itahitaji uniti 4.8 kwa safari hizohizo. Akichaji nyumbani kwa shilingi 28 kwa uniti, atalipa takriban shilingi 134. Akibadilisha betri kituoni, na tuseme betri ya uniti 3 hutozwa shilingi 200, atahitaji kujaziwa mara 1.6, yaani shilingi 320.

Tofauti kati ya 134 na 320 si wizi. Ndani yake mna uchakavu wa betri, kodi ya mahali, mishahara, na faida ya mwenye kituo. Lakini ni haki ya dereva kujua kwamba tofauti hiyo ipo. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, ikiwa shilingi 16 kwa uniti kabla ya kodi na ada nyingine, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya umeme nchini ni madogo. Kampuni inayochaji betri zake usiku kwa bei hiyo inayo nafasi ya kumpunguzia dereva, na chama cha wanabodaboda kinachozungumza kwa sauti moja kinaweza kuidai nafasi hiyo katika mapatano, jambo ambalo dereva mmojammoja hawezi.

Upande wa matengenezo, hakuna oili ya injini ya kumwaga, hakuna plagi, klachi wala kabureta. Breki, tairi, beringi, na cheni kwa pikipiki zilizo nayo, huchakaa kama kawaida.

Betri ni ya nani?

Hili ndilo swali ambalo dereva angepaswa kuliuliza kabla ya mengine yote, na kwa kawaida huulizwa mwisho, baada ya kidole kugusa karatasi.

Katika mfumo wa kubadilisha, betri hubaki mali ya kampuni. Dereva hununua pikipiki isiyo na betri, mara nyingi kwa malipo ya kidogokidogo, na kulipia matumizi ya betri kila anapoibadilisha. Mpango huu una faida ya kweli: betri ni sehemu ghali kuliko zote, kwa hiyo bei ya kuanzia hushuka sana, na ikipoteza nguvu baada ya miaka michache hasara si ya dereva. Pia humwepusha na kisa cha kununua betri mbovu dukani kwa pesa ya mkopo.

Upande wa pili wa mpango huo hauna budi kuelezwa waziwazi. Betri hizi zina kifaa cha mawasiliano kinachoijulisha kampuni mahali ilipo, na nyingi zinaweza kuzimwa kutoka mbali. Malipo yakichelewa, pikipiki inaweza kusimama. Dereva atakayemaliza mkopo wake wote atakuwa na pikipiki ambayo ni yake kwa karatasi, lakini isiyoweza kusogea bila betri ya mtu mwingine. Na kwa kuwa betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine, siku kampuni ikifunga vituo vyake mjini, pikipiki hiyo haina pa kwenda.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutia sahihi mtake mwenye kampuni akuoneshe kwa maandishi mambo yafuatayo: ni siku ngapi za kuchelewa zinazoruhusiwa kabla ya betri kuzimwa, na kama kuna nafuu kwa mtu aliyelazwa hospitali, nini kitatokea kwa pikipiki kampuni ikiondoka, bei ya kubadilisha inaweza kupandishwa kwa taarifa ya muda gani, na kama baada ya kumaliza deni unaruhusiwa kununua betri yako mwenyewe. Kuhusu taarifa za mizunguko yako ya kila siku, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua zinakusanywa kwa sababu gani na zinapelekwa kwa nani. Mkataba ukiwa kwa Kiingereza kitupu, omba usomewe na mtu unayemwamini. Hakuna aibu katika kuomba, na kampuni inayoona uzito kungoja siku mbili ili mteja aelewe anachotia sahihi imekwisha kujieleza yenyewe.

Kenya imewahi kukutana na jambo linalofanana na hili. Kanuni za gesi za mwaka 2009 ziliwataka wauzaji watumie vali ya namna moja na wapokee mitungi ya wenzao, na ingawa sharti la kubadilishana mitungi liliondolewa mwaka 2019, vali ya namna moja ilikwisha kumpa mpishi uhuru wa kuhama. Kuna haja ya sharti la aina hiyo kwa betri za bodaboda, na wakati wake ni sasa, kabla kila mji haujagawanywa kati ya makabati yasiyoelewana. Nalisema hili kwa kuwa mji mdogo kama Malindi hauwezi kubeba mitandao minne ya vituo. Ukipata mmoja mzuri, dereva wa kampuni nyingine asizuiwe kuutumia.

Betri moja itanifikisha wapi?

Betri ya uniti 3 humfikisha dereva kilomita 60 hadi 80 katika hali nzuri. Kwa mizunguko ya mjini, kutoka sokoni hadi Maweni, Shella, Muyeye au uwanja wa ndege, masafa hayo yatosha nusu ya siku na zaidi. Kwenda Mambrui na kurudi hakuna shaka. Kwenda Watamu kwa kupitia Gede na kurudi ni karibu kilomita 50, safari inayowezekana kwa betri moja, ingawa dereva mwenye busara atataka kujua kama kuna kituo Gede au Watamu kabla ya kumchukua abiria mwingine huko.

Marafa ni habari nyingine. Kwenda na kurudi hukaribia kilomita 80, na mzigo haukosekani: magunia ya maembe msimu wake, korosho, mihogo, mitungi ya maji. Mzigo, mchanga na vilima hula chaji, nao upepo hauko nyuma. Wakati wa kusi, dereva anayeelekea kusini kwenda Kilifi kwa mwendo wa kasi huupiga upepo kifua kwa njia nzima, na kasi ikizidi, matumizi hupanda mno kwa sababu ukinzani wa hewa huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe. Kupunguza kutoka kilomita 70 kwa saa hadi 50 kunaweza kuamua kama utafika au utasukuma. Kilifi iko karibu kilomita 60, na Mombasa karibu 120. Hizo si safari za betri moja, bali ni za vituo vilivyopangwa njiani.

Basi vituo viwekwe wapi?

Mwekezaji akiachiwa aamue peke yake, ataviweka kando ya barabara kuu ya Mombasa na katika mitaa ya hoteli, kwa kuwa huko umeme ni wa uhakika na pikipiki ni nyingi. Lakini bodaboda zinahitajika zaidi pale ambapo matatu haifiki. Mama mjamzito wa kijiji cha ndani ya Magarini hupelekwa hospitali kwa pikipiki. Mwalimu wa Langobaya huenda kazini kwa pikipiki. Kama pikipiki za umeme zitazunguka mjini tu, basi petroli ya chupa itabaki kuwa ya maskini wa mashambani, ambao tayari huinunua kwa bei ya juu kuliko ya kituo cha mafuta.

Kabati la kubadilishia si kitu kikubwa. Laweza kukaa katika duka lenye umeme wa kuaminika, kwenye kiwanda cha kusaga unga, au kando ya kituo cha afya, mwenye duka akalipwa kamisheni. Serikali ya Kaunti ya Kilifi, inapotoa vibali, inaweza kutaka kwamba kwa kila idadi fulani ya makabati ya mjini kuwe na moja Marafa, Ganda au Kakuyuni. Wanabodaboda nao wana silaha yao: wanajua hasa safari zao huanzia wapi na kuishia wapi. Steji ikiandika safari zake kwa wiki moja tu, itakuwa na ramani bora kuliko ya mshauri yeyote.

Umeme ukikatika kituoni itakuwaje?

Betri zilizokwisha kujaa zitaendelea kutolewa, alimradi mtambo wa kufungulia kabati una akiba yake ya umeme, hivyo kukatika kwa saa moja au mbili hakusimamishi kazi. Kukatika kwa siku nzima kutasimamisha. Wengine huuliza mbona tuna mtambo wa jua wa Langobaya, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 2021 wenye uwezo wa megawati 40, hapa hapa kwetu. Umeme wa mtambo ule huingia katika gridi ya taifa, na nguzo ikianguka kati ya gridi na kituo chako, hautakusaidia. Kituo kinachotaka kujitegemea kinahitaji paneli zake na betri zake za akiba.

Chumvi, mvua na joto la pwani haviharibu?

Huharibu, na hapa ndipo pikipiki iliyojaribiwa Nairobi inapaswa kujaribiwa upya.

Hewa ya bahari hula ncha za shaba na viunganishi vya betri, na kwa kuwa betri huchomolewa na kuchomekwa mara nyingi kila siku, kutu ndogo huleta ukinzani, ukinzani huleta joto, na joto huyeyusha plastiki ya kiunganishi. Dereva aangalie ncha hizo kila asubuhi. Zikionekana za kijani au nyeusi, azipeleke kituoni zisafishwe, wala asikwaruze kwa kisu. Kuosha pikipiki kwa maji ya bahari au kuipitisha ufukweni maji yakiwa yameingia ni kuiua.

Mvua ya kawaida haina neno, kwa kuwa betri na mota nzuri hufungwa zisiingie maji. Alama ya IP67 ina maana kwamba kifaa kimejaribiwa kwa kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30, kikiwa kipya. Baada ya mwaka wa mashimo na vumbi, raba za kuzuia maji hazitakuwa vilevile, basi masika yakifurisha barabara usivuke maji yanayofika kwenye betri.

Kuhusu joto, betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa katika joto kali, hasa zikichajiwa zikiwa bado moto kutokana na safari. Kituo kiwe na kivuli na hewa inayopita. Kabati la chuma lililoachwa kwenye jua la Februari, kaskazi ikiwa imetulia, litafupisha maisha ya kila betri inayopita ndani yake.

Naweza kuchaji nyumbani?

Unaweza ikiwa mkataba unaruhusu na betri ina chaja yake halisi. Usitumie chaja ya kuazima yenye volti tofauti, na usifungue betri kwa sababu yoyote ile.

Nyumba nyingi zetu zimeezekwa kwa makuti, nasi sote tumeona jinsi moto wa makuti unavyokimbia kutoka paa hadi paa upepo ukivuma. Betri ya lithiamu haishiki moto kirahisi, na zile za aina ya fosfeti ya chuma hustahimili joto kuliko zenye nikeli, lakini ikishika, hutoa moshi wa sumu na yaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika. Kwa hiyo usiichaji chini ya makuti, wala chumbani watu wakiwa wamelala, wala mlangoni ambapo ingewazibia njia ya kutokea. Ichajie juu ya sakafu ya simiti, mahali pa wazi, kwenye waya uliokaguliwa na fundi wa umeme. Ukiona imevimba, inafuka au ina harufu kali, usiiguse. Watoe watu, kata umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia salama, na uite wazima moto. Betri ya lithiamu inayowaka hupozwa kwa maji mengi sana, si ndoo moja.

Mbona hazina sauti? Si hatari kwa wanaotembea?

Ni hatari, hasa katika vichochoro vya mji wa kale ambako watoto hutoka madrasa wakikimbia na punda hupita na mizigo. Dereva wa pikipiki ya umeme apunguze mwendo katika kona na apige honi fupi, asidhani ameshasikika.

Leseni na bima vinabadilika?

Havibadiliki. Dereva anahitaji leseni ya kubeba abiria kwa pikipiki, bima, kofia mbili ngumu na vizibao viwili vya kung'aa, na sheria humruhusu abiria mmoja tu.

Mafundi wetu watakula nini?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na linastahili jibu la kweli. Kazi ya kufungua injini itapungua. Fundi ambaye kipato chake kikubwa ni kumwaga oili na kurekebisha kabureta ataumia kwanza. Breki, tairi, rimu, taa na fremu zitabaki, lakini hazitoshi kuwalisha wote. Kinachoweza kuwasaidia ni mafunzo ya umeme wa volti 72, vidhibiti vya mota na viunganishi, yatolewe katika vyuo vya ufundi vya kaunti wakati bado pikipiki nyingi ni za petroli, na kampuni zitakiwe kuuza spea na kutoa michoro ya nyaya kwa mafundi wa mtaa badala ya kulazimisha kila tatizo lirudishwe kwenye karakana yao.

Je, hewa itakuwa safi kweli, au moshi umehamishiwa kwenye mtambo wa umeme?

Kwa Kenya, moshi hauhamishwi kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Anayefaidika kwanza ni dereva mwenyewe, anayekaa stejini siku nzima akivuta moshi wa wenzake.

Betri iliyochakaa hupelekwa wapi?

Betri ikibakiwa na asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake wa awali, haifai tena pikipiki, lakini hufaa kuhifadhi umeme wa jua dukani au nyumbani kwa miaka mingine kadhaa, mradi ipimwe na kufungwa upya na mtu mwenye ujuzi. Baada ya hapo hurudi kwa aliyeiingiza nchini, kwani Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 humbebesha mzalishaji dhima ya bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, isipasuliwe kutafuta shaba, na isitupwe jaani au karibu na mto Sabaki. Ukiikuta imetupwa, mjulishe ofisa wa mazingira wa kaunti au wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na uwaweke watoto mbali nayo hadi ichukuliwe.